Shati Bichi

"We! Acha kulinusa hilo, utakufa bure!" Msusi alifoka, mkono kiunoni.

Dobi alijitia kutosikia. Shati lilikuwa la mumewe. Kola aliigeuza mwenyewe ilipochakaa, na kifungo cha pili kilikuwa cheusi kwa sababu cheupe kilikosekana. Tangu kipindupindu kiuvamie mji na mumewe abebwe kwenye machela kuingizwa kambi ya wagonjwa, aliomba kazi hapa langoni, kwenye mapipa ya maji moto, ili tu awe karibu na ukuta uliomficha. Alimtamani mno. Alitamani hata kikohozi chake cha asubuhi kilichokuwa kikimkera.

Nguo za waliokufa zilichomwa nyuma ya kambi. Za waliopona zililetwa zichemshwe na kuanikwa, kisha wenyewe walitoka kuzichukua kambani.

"Kapona, Msusi! Mume wangu kapona!"

"Haya, chemsha basi, asije akakukumbatia na uvundo." Msusi alicheka. Mjini hakuna aliyesukwa nywele tena, ndiyo maana aliishia kufua. Ulimi tu ndio ulibaki na kazi yake ya zamani.

Dobi alilifua taratibu, akalianika mwisho wa kamba, mkabala na lango.

Watu wakatoka, wamejifunga mashuka. Mzee mmoja alivaa koti lake hata kabla halijakauka. Msichana alilikumbatia gauni lake akilia. Kila lango lilipolia, Dobi aliinua kichwa, na kila mara alikuwa mume wa mtu mwingine. Mwishowe kamba ikabaki na vibanio na shati.

Jua likashuka. Mlinzi akatokea kwa mbali na kapu lake. Nguo iliyokauka bila mwenyewe kutoka ilikuwa na maana moja tu: hali imemgeukia. Nguo hiyo ilikwenda motoni.

Dobi aligusa mkono wa shati. Kavu kabisa. Akalichomoa, akalizamisha ndooni, akalirudisha kambani bila kulikamua.

"Hilo nalo?" mlinzi aliuliza.

"Bado bichi, kaka."

Maji yalimtiririkia mlinzi kwenye viatu. Akayatazama, akamtazama Dobi.

"Kesho litakuwa limekauka, mama?"

"Sijui. Naona kuna mawingu."

Mlinzi aliinua macho. Mbingu ilikuwa nyeupe pe, bila hata wingu moja. Akahamishia kapu bega la pili, akaenda zake.

Msusi alikuwa ameona yote. Alikwenda bombani, akajaza ndoo nyingine, akaja kuitua chini ya shati.