Goti la Mama Kavira

Miaka arobaini Mama Kavira alifundisha watoto wa Ngezi kucheza mbele ya altare, na sheria yake ilikuwa moja: "Musiniulize kitu. Muangalie miguu yangu, mufanye vile vile."

Mwaka huu goti la kushoto likaanza kumuuma. Alilificha. Papa Anselme, mkubwa wa kwaya, alikuwa akitafuta sababu ya kuwapa watoto mwalimu kijana, na bila watoto wale Mama Kavira angebaki na nini? Basi akafundisha huku amekaza meno, akijua hakuna aliyeona.

Siku ya Pasaka ngoma zikalia. Watoto ishirini wakaingia kwa mstari, nguo nyeupe, nyuso zikicheka, na wote ishirini wakichechemea mguu wa kushoto.

Mama Kavira alitamani ardhi ipasuke immeze. Papa Anselme akamwinamia sikioni.

"Mama, goti iko namna gani?"

"Goti gani, Papa? Ile ni mutindo mupya. Weye umebakia nyuma."

Kabla Papa Anselme hajajibu, kanisa lote lilikuwa limesimama likipiga vigelegele. Hata wazee wa benchi la mbele walichechemea. Jumapili iliyofuata akina mama walimletea Mama Kavira watoto wengine kumi na mmoja, wafundishwe ile ya kuchechemea.

Goti lilipona mwezi wa tano. Lakini mpaka leo Mama Kavira anachechemea, hata akienda sokoni, maana Papa Anselme bado anamwangalia miguu.