Nyasi za Desderius

Kazimili alipandisha mlima wa Bukiriro kwa pikipiki, akaiona mitaro yetu, akazima injini katikati ya barabara.

"Nani kafanya hivi?"

Kazimili alikuwa fundi wa barabara kutoka Usukumani, kaletwa kutufundisha sisi wakulima kuchonga mgongo wa barabara, kuchimba mitaro na kuzibua kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Malori ya chakula cha wakimbizi yalikuwa yameichakaza barabara ile. Tuliambiwa wazi: mvua ya kwanza ikipita bila lori kukwama mlimani, matunzo ya barabara ni ya kikundi chetu mwaka mzima. Likikwama, inakuja kampuni na mtambo wake, sisi turudi kwetu. Tangu asubuhi wingu lilikuwa limetanda upande wa Rusumo, na mimi kukaa siwezi, kusimama siwezi.

"Ni mimi, mwalimu," alisema mzee Desderius, kiongozi wetu. "Maji yangekula udongo. Nimeufunika."

Mtaro wote aliutandazia nyasi kavu, kwa ustadi, kama tunavyotandaza chini ya migomba. Kwetu kuacha udongo uchi ni uvivu. Hata sisi tulimsifu.

"Mzee, hili si shamba. Mvua ikija, nyasi zitaziba mdomo wa kalavati, maji yatapanda barabarani. Toeni zote. Sasa hivi."

Tukazitoa kwa majembe na kwa mikono, tukazitupa bondeni, matone ya kwanza yakitupiga migongoni. Desderius alizivuta kwa haraka kuliko sisi sote. Nilifungua mdomo niseme neno.

"Suzana, maneno baadaye," Kazimili akanikata.

Nikameza hasira. Mvua ikashuka, tukajibana chini ya turubai. Malori yakaja. La kwanza liliteleza, likanguruma, kisha likapanda. Yakafuata mengine, yote yakapita.

Kazimili alicheka, akamshika mzee bega. "Umeona? Mtaro unatakiwa mtupu." Kisha akayatazama maji. "Mbona meusi? Udongo wa hapa si mwekundu?"

Hapo nikapata nafasi yangu. Nikamwonyesha migomba iliyo juu ya barabara, chini yake peupe bila nyasi, maji yakiteremka katikati yake na udongo.

"Lile ni shamba la mzee. Nyasi za milima hii zote zimekwisha kuezekea vibanda vya kambini. Wewe ulidhani zile za mtaroni kazitoa wapi?"

Kazimili alimgeukia Desderius. Mzee alikuwa anautazama mtaro.

"Unapitisha vizuri," alisema. "Kazi tumeipata."

Nilimchukia mwalimu wetu saa ile. Nikamchukia na mzee kidogo, kwa utulivu wake.

Kazimili alitufundisha kwamba tope la mtaroni ni uchafu, linatupwa upande wa chini. Sasa aliingia mtaroni na viatu vyake, mvua ikimnyeshea, akajaza tope jeusi kwenye karai, akajitwika, akaanza kupanda nalo kuelekea kwenye migomba. Nikachukua koleo nikajaza karai la pili, na wenzangu wakashuka.

Tulizoa mpaka mtaro ukabaki mwekundu. Haikuchukua muda. Udongo mwingi wa mzee ulikuwa umeshapita kwenye kalavati, na kalavati tulikuwa tumelizibua vizuri.