Bustani Isiyoibiwa

Katika mji wa La Candelilla, kule milimani kwenye mashamba ya kahawa, kila mtu anajua kwamba mmea wa kupewa hufa. Ukiomba kipandikizi cha begonia, ukapewa, ukasema asante, basi umeshakizika. Mmea unaoshika mizizi ni wa kuibwa. Unausubiri mpaka mwenye nyumba akupe kisogo, unakwanyua, unautia mkobani kati ya leso na rozari, kisha unajikalia ukilalamikia bei ya nyama. Padri mwenyewe anayajua hayo, na hajawahi kuwauliza waumini wake maua ya madhabahuni yametoka wapi.

Kwa hiyo Klabu ya Bustani ya La Candelilla ni chama cha wapenda maua kwa jina tu. Ukweli ni chama cha wezi wenye adabu. Mvua za Aprili zikianza wanagawiana mbegu, shughuli isiyomsisimua mtu. Katikati ya mwaka Mzee Abelardo, mfamasia mstaafu na mwanamume pekee wa klabu, anatoa mhadhara juu ya samadi ya sungura, ule ule wa mwaka jana, na wenzake wanasinzia kwa heshima. Desemba kuna maonyesho kwenye ukumbi wa kanisa. Lakini hayo yote ni kachumbari. Nyama yenyewe ni Jumapili ya Bustani Wazi, mvua za Oktoba zikishalainisha udongo. Siku hiyo mwanachama mmoja huwakaribisha wenzake, huwatembeza, huwaonyesha alichonacho, kisha huingia jikoni kuandaa kahawa. Huchelewa makusudi. Na mwenyeji aliyelelewa vizuri hugonganisha vikombe kabla ya kutoka, ili wageni wapate nafasi ya kufunga mikoba.

Mkutano unaofuata ndio wa malalamiko. "Wamenimaliza jamani," mwenyeji atasema, huku ameshika kifua. "Fuksia yangu imebaki kijiti." Wenzake watampa pole, na macho yao yatajaa wivu. Maana heshima ya klabu ndiyo hiyo. Aliyeibiwa sana hukaa viti vya mbele na huingia kwenye kamati. Asiyeibiwa huosha vikombe.

Bi Otilia Zuluaga alikuwa ameosha vikombe tangu ajiunge na klabu. Desemba meza yake huwekwa nyuma kabisa, karibu na choo, mahali ambapo watu hupita wakiwa na haraka.

Si kwamba hakuwa na mimea. Alikuwa na begonia ambayo hakuna mwingine mjini aliyekuwa nayo, yenye majani mekundu yaliyojikunja kama nyumba ya konokono, ukingo wake kama umepakwa fedha. Mgeni akiiona husimama ghafla. Tabu ilikuwa kwa Otilia mwenyewe. Kabla mgeni hajamaliza kusimama, yeye keshasema, "Umeipenda? Ngoja nikukatie." Ukikataa, anakukimbilia hadi barabarani na jani mkononi. Sasa mtu kama huyo utamwibiaje?

Mwaka huu bibi aliyekuwa na zamu ya kufungua bustani aliteguka nyonga, na hapakuwa na mwingine aliye tayari. Bi Lucrecia Jaramillo, mwenyekiti, mwanamke anayevaa miwani yenye mnyororo na kumtazama mtu kama anayetafuta kidukari juu ya jani, akatangaza, "Basi tutakwenda kwa Otilia. Tukikosa la kuona, kahawa hatutakosa."

Watu wakacheka. Otilia naye akacheka, kisha akarudi kwake na kwa siku kadhaa hakupata usingizi. Alijua hesabu ilivyo. Wakija na kuondoka mikoba ikiwa mitupu, hawatarudi tena, na ataosha vikombe mpaka siku ya kuzikwa.

Akamwendea jirani yake Nubia. Nubia hakuwa mwanachama. Alikuwa akisema yeye mkoba wake mdogo.

"Shida yako unajitembeza," Nubia alimwambia, akimenya ndizi. "Kizuri chajiuza, Otilia. Wewe unawarushia watu majani kama unalisha kuku."

"Sasa nifanyeje? Nikae na bunduki?"

"Uwe na roho mbaya. Kidogo tu. Si lazima uzaliwe nayo, wengi pale klabuni wamejifunza ukubwani."

"Siwezi, shoga. Mtu akiniomba, mkono unaenda wenyewe."

"Basi jiibie mwenyewe, wakija wakute umeshaibiwa. Anayeibiwa na wengine huonekana anafaa kuibiwa."

Nubia alikuwa anatania. Lakini Otilia aliondoka pale kama mtu aliyepewa dawa.

Jumapili asubuhi, baada ya misa ya kwanza, alichukua kisu na kuiendea begonia yake. Alikata shina moja, akafumba macho, akakata la pili. Mmea ulianza kutoa maji pale ulipojeruhiwa, naye moyo ukamwuma. Na mikono yake, kwa mazoea ya miaka, ikafanya kile ambacho kila mkulima wa maua wa La Candelilla hufanya baada ya kukata. Ilikwenda kabatini, ikachukua mdalasini wa unga, ikaupaka kwenye vidonda ili visioze. Otilia hata hakuona kuwa amefanya jambo. Mashina yale mawili akayafunga kwenye gazeti na kuyasukuma chini ya kitanda.

Wageni wakaja na mikoba yao. Bi Lucrecia alileta ule wa ngozi unaoweza kubeba mbuzi mdogo. Mzee Abelardo, kwa kuwa ni mwanamume na hana mkoba, alivaa kofia kubwa.

Otilia aliwangoja wafike kwenye begonia, kisha akashika kifua. "Mnaona, jamani. Wamenimaliza. Sijui ni nani."

Wageni wakatazamana. Hii ilikuwa habari. Wawili wakasogea. Mzee Abelardo akavua kofia, kwa heshima au kwa maandalizi. Kwa muda mfupi Bi Otilia Zuluaga alionja jinsi inavyokuwa kuonewa wivu.

Bi Lucrecia akainama. Akavaa miwani. Akagusa shina pale lilipokatwa, akasugua kidole, akanusa.

"Mdalasini," akasema.

Akawapitishia wenzake kidole, nao wakanusa.

"Jamani, mimi nimeibiwa maisha yangu yote," Bi Lucrecia aliendelea, "na nisiseme zaidi. Lakini mwizi anayeiba halafu anabaki kumtibu majeruhi, huyo sijamwona. Abelardo, wewe umewahi?"

"Mimi huwa nakimbia," alisema Mzee Abelardo.

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka mpaka mwingine akashikilia ukuta. Mmoja alimwuliza Otilia kama mwizi aliacha pia maagizo ya kumwagilia. Otilia alisimama, uso umemwiva kuliko begonia yake. Angekuwa na shimo angejipanda humo.

Bi Lucrecia akafuta machozi chini ya miwani, akamshika bega kwa huruma, na huruma ya Bi Lucrecia ni kitu cha kuogopa. "Basi, mama, yaishe. Nipe jani moja nitie mkobani, tuseme nimekuibia. Tusikuaibishe."

Mkono wa Otilia ukainuka wenyewe, kama kawaida yake. Ukafika katikati, ukasimama.

"Sikupi," akasema.

"Umesemaje?"

"Nimesema sikupi. Wala huyu simpi, wala yule. Jani langu moja likitoka nje ya lango hili naita polisi. Mnakuja kunywa kahawa yangu na kunichekea uani kwangu? Kanyweni maji ya mtaroni."

Akaingia jikoni na kuubamiza mlango. Kule ndani hakuchemsha chochote. Aliegemea jiko akalia, na kwa kulia huko akasahau kabisa kugonganisha vikombe.

Alipotoka, wageni walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wamenyooka kama watoto wa komunyo ya kwanza. Mikoba ilikuwa imevimba. Kofia ya Mzee Abelardo ilikuwa imepanda juu, na maji ya udongo yalikuwa yakimtiririka sikioni. Bi Lucrecia alikuwa akieleza, kwa sauti ya upole sana, kwamba nyama imepanda bei tena.

"Tumekukosea, Bi Otilia," alisema akiinuka. Alikuwa hajawahi kumwita Bi. "Kahawa tutakunywa siku nyingine."

Wakaondoka mmoja mmoja, wakitembea kwa tahadhari, kama watu waliobeba mayai.

Otilia akageuka kuitazama bustani. Begonia ilikuwa imebaki kisiki. Mafuksia yamenyofolewa. Maua ya anthuria yameng'olewa na mizizi. Hata vitunguu vya majani vilivyoota kando ya bomba, ambavyo hakuna mtu mwenye akili angeviiba, vilikuwa vimepungua. Kwanza alicheka peke yake, akapiga makofi. Kisha akatafuta kitu cha kijani cha kukitazama wakati anacheka, na hakukipata kwa urahisi.

Siku iliyofuata Bi Lucrecia alipita langoni. Hakuingia. Alimweleza kuwa kamati imekutana kwa dharura na kumchagua mjumbe.

"Na begonia yangu?" Otilia akauliza, maana mashina ya chini ya kitanda yalikuwa yameshanyauka ndani ya gazeti. "Desemba nitaonyesha nini?"

"Mjumbe wa kamati haonyeshi, mpenzi. Anahukumu." Bi Lucrecia akaishusha miwani. "Usijali, begonia zitakuwepo. Mwaka huu nadhani zitakuwa nyingi."

Jioni Nubia akaja kwenye ua unaotenganisha nyumba zao, kama alivyozoea, supu ikiwa jikoni, kuomba kotmiri. Kotmiri ndiyo pekee iliyosalimika, kwa kuwa ilikuwa nyuma ya pipa, mahali ambapo klabu haikupafikiria.

"Nikatie kidogo, shoga. Ya kutia harufu tu."

"Hapana," alisema Otilia.

Nubia akamtazama juu hadi chini. "Eh. Hongera, mjumbe."

"Si kwa ubaya. Nikianza kutoa tena watanirudisha kwenye vikombe."

"Kwani mimi ni klabu? Mimi nina supu jikoni."

"Ningekupa, lakini sikupi."

"Basi geuka uangalie kule. Dakika tu. Nitajichukulia mwenyewe."

Otilia akafikiri. Kwa haki lilikuwa ombi dogo, na Nubia ndiye mtu aliyekaa naye usiku kucha mumewe alipofariki. Akatazama bustani yake tupu. Akatazama kotmiri.

"Sigeuki," akasema.

Nubia naye hakuondoka. Aliegemeza viwiko kwenye ua, akasubiri Otilia apige chafya, au aitwe, au achoke. Wakabaki wakitazamana hivyo, mashoga wa miaka yote hiyo, mpaka harufu ya supu inayoungua ikawafikia wote wawili, na hata hapo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoa macho.