Mzigo wa Kwenda Nyotani

Moto wa batri ya telefone ulikuwa unaisha, na filme ambayo Darlène alikuwa akiipiga kwa telefone hiyo ilibaki kipande kimoja tu: mgeni wa nyotani anaondoka Kasongo, watu wanamtazama kwa hofu, anamezwa na majani marefu. Kesho Salomon, aliyeigiza mgeni huyo, angerudi Salamabila na pikipiki yake. Ni leo, au filme ibaki bila mwisho.

Salomon alisimama ukingoni mwa shamba, uso umepakwa unga wa muhogo, kofia ya pikipiki imevikwa karatasi za biskuti zinazong'aa. Jua la jioni lilimmwagikia.

"Musitembee," Darlène aliwaambia majirani. "Munaogopa, basi."

"Tumuogope Salomon?" Mamy, mmoja wa majirani, akacheka. "Salomon mwenye anaogopaka hata mbuzi?"

Darlène akafungua kamera. Salomon akageuka, akaenda polepole, kama mtu anayetembea chini ya maji. Upepo ulilaza majani, ukayainua. Hakuna aliyecheka tena. Ndipo Mama Émérance akatoka kati ya majirani, akaingia ndani ya picha na kifurushi cha samaki wakavu, kimefungwa kwa jani la mgomba.

Huku msafiri haachwi aondoke mikono mitupu. Anayekwenda Kabambare hubebeshwa mchele. Anayekwenda migodini hubebeshwa nguo, sabuni, salamu. Mama Émérance hakuwa na wa kumtuma kwa mwanawe Octave tangu shimo la dhahabu lilipomfunika.

"Mutoto wangu," alimwambia mgeni, "wewe unapita mbali. Ukimukuta Octave, umupe hii. Umuambie nyumba iko, tulitengeneza paa."

Darlène alifungua kinywa amsimamishe. Moto wa batri wa kurudia picha haukuwepo. Majirani walikuwa wameinamisha vichwa, na hofu aliyoitaka haikuonekana usoni pa yeyote.

Salomon alipokea kwa mikono miwili. Akaingia majanini, kifurushi kifuani, akaupita mti ambapo walikubaliana asimame, akaendelea. Darlène akamwacha aende. Alimfuata kwa kamera mpaka mng'ao wa karatasi ukawa kidoa, akabonyeza, picha ikahifadhiwa, telefone ikazimika.

Mama Émérance alikuja kusimama kando yake.

"Atakawia?"

"Kule iko mbali, mama," Darlène akasema. "Lakini njia yake haina matope."