Alitoka Kwetu Mzima

Simsim alikuwa ameshakaa kitako kabla Wahiba hajafungua kopo la jibini.

"Taratibu, mjomba," Wahiba alimwambia, akifinyanga donge la jibini nyeupe kuzunguka kidonge. "Hakuna anayekunyang'anya."

Mbwa alimeza, akamlamba vidole kimoja kimoja, kisha akamwekea kichwa chake kizito gotini kama mtu aliyechoka kazini. Rangi yake ilikuwa ya ufuta uliokaangwa, ndiyo maana wakamwita Simsim. Miaka minne alikuwa ameishi kwenye makao haya ya mbwa ya Shabramant, banda la tatu kutoka getini, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumbwekea mgeni hata mmoja. Angempenda hata mwizi. Ila alikuwa na kifafa. Bila kile kidonge cha kila alasiri angeanguka, miguu ikikwaruza hewa, povu likimtoka. Akikipata, miezi ilipita salama.

"Leo mwongeze nusu," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Madam Shahira, mwenye makao, miwani imepandishwa kichwani, funguo zikining'inia kidoleni.

"Nusu ya nini tena, dada?"

"Kuna mzee anakuja kumwona baada ya saa moja. Ni mtu mzima, sitaki arukiwe. Nimeshaongea naye kwenye simu, anajua yote. Yote, Wahiba. Basi wewe usianze kumsimulia kifafa kifafa, utamtisha bure. Akikuuliza, mwambie mbwa ni mzima."

Wahiba akavunja kidonge kingine katikati kwa ukucha. Hakuwa na sababu ya kuuliza mara mbili. Miaka saba iliyopita, mume wake alipovunjika mgongo na yeye akawa anauza mboga barabarani, ni Shahira aliyesimamisha gari na kumuuliza kama anaogopa mbwa. Ni Shahira aliyemshika mkono akamfundisha kupiga sindano. Kwenye harusi ya binti yake, Shahira alivua viatu akacheza mpaka wapiga ngoma wakaomba maji. Mtu kama huyo akikuambia amesema, amesema.

Mzee alikuja Jumamosi hiyo hiyo, amevaa koti licha ya joto. Viatu vyake viling'aa. Aliitwa Ustadhi Wadii, na kwa miaka thelathini na minane alikuwa mwongoza ishara za treni huko Helwan.

"Treni hazikuwahi kubishana nami," alimwambia Wahiba, akichuchumaa kwa shida mbele ya banda. "Aliyebishana alikuwa mke wangu, Mungu amrehemu. Sasa nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji ikifikiri."

Wahiba alicheka. Simsim alitoka bandani, mzito kidogo kwa ile nusu ya ziada, akaweka mguu wa mbele juu ya kiatu kinachong'aa, akauacha hapo. Mzee hakukiondoa kiatu. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akainua uso.

"Wewe ndiye unayemlisha, Mama. Sikuulizi kwa sababu simwamini Madam. Nakuuliza kwa sababu mkono unaolisha ndio unaojua. Ana tatizo lolote?"

Wahiba alimtazama Shahira. Shahira alikuwa akiandika fomu, hakuinua kichwa.

"Ni mzima, Ustadhi," Wahiba alisema. "Alhamdulillahi."

Alikuwa amemshonea mbwa mfuko wa dawa kutoka kipande cha mtandio wake wa zamani wa zambarau, na ndani yake vidonge thelathini, kila kimoja kimesokotwa ndani ya kipande cha gazeti. Aliponyoosha mkono kumpa mzee, Shahira akauwahi. "Lete, nitauweka pamoja na kadi ya chanjo." Kisha gari la kukodi likaondoka. Simsim alitoa kichwa dirishani, masikio yamelala na upepo, na Wahiba akarudi banda la tatu akalifagia ingawa lilikuwa safi.

Nyumbani, mama mkwe wake, ambaye kila jioni alimfanya avue viatu na nguo za kazi mlangoni kabla hata ya kumwitikia salamu, alimuuliza kwa nini macho mekundu. "Vumbi," alisema Wahiba.

Alhamisi iliyofuata alitafuta bandeji. Kabatini hazikuwemo. Akafungua droo ya meza ya ofisi, na chini ya risiti na kalamu zisizoandika, alishika kitambaa alichokijua hata kabla ya kukiona. Mtandio wa zambarau. Vidonge thelathini, kila kimoja na gazeti lake.

Shahira alikuwa uani na kikombe cha chai. Wahiba aliuweka mfuko juu ya meza, mbele ya kikombe.

"Umeusahau," alisema. Alitamani kwa nguvu zake zote jibu liwe ndiyo.

Shahira aliutazama mfuko. "Kaa, Wahiba."

"Nimesimama."

"Watu kumi na mmoja wamekuja kumwona mbwa yule. Kumi na mmoja! Wote wanampenda mpaka nitamke neno kifafa. Hapo kila mtu anakumbuka ana mtoto mdogo, ana zulia, ana safari. Nikasema basi, mara moja tu, acha ampende kwanza. Mtu akishapenda hakimbii."

"Na akianguka?"

"Atapiga simu, nitamweleza polepole."

"Ni siku ya tano leo. Dawa ile haikatwi ghafla, daktari alituambia sote wawili tukiwa hapa hapa. Amepiga?"

Shahira alizungusha kikombe chake.

"Shahira. Amepiga?"

"Juzi. Mara nne." Sauti yake ilishuka. "Nikapokea ile ya nne. Alikuwa anapiga kelele, Wahiba, sikujua niseme nini. Nikamwambia alitoka kwetu mzima. Nikamwambia, si ulimuuliza mwenyewe anayemlisha?"

Mbwa waliendelea kubweka mabandani kama siku zote. Wahiba alihisi maneno yale mawili aliyoyasema Jumamosi, ni mzima, yakimrudia mdomoni na ladha nyingine. Kumbe hakuombwa kunyamaza ili mzee asiogope. Aliwekwa pale kama muhuri.

"Ulinitumia mimi," alisema.

"Nilikuamini wewe."

"Hapana. Yeye ndiye aliyeniamini."

Alichukua mfuko. Shahira alimfuata mpaka getini akisema ataharibu kila kitu, mzee atamrudisha mbwa, na akirudishwa atakaa banda la tatu mpaka afe. Wahiba alivua glavu zake za mpira, akazitundika kwenye msumari, akatoka.

Alivuka Nile kwa kivuko, akafika Helwan jua likiwa limeinama. Fomu yenye anwani hakuiona, na hata angeiona asingeisoma vizuri, lakini nyuma ya stesheni aliuliza Ustadhi Wadii wa ishara za treni, na muuza machungwa akamwonyesha jengo bila kufikiri. Mlangoni pa ngazi alikaa mama mnene, Hajjat Tafida, akichambua mboga ya mlukhiya kwenye sinia.

"Ustadhi Wadii yupo, Hajjat?"

"Na wewe ni nani yake?"

"Natoka kule kwenye mbwa."

Mikono ya yule mama ilisimama. "Aah! Ndiyo nyinyi! Karibu, mama, karibu, njoo uchukue kichaa chenu! Jumanne mbwa kaanguka hapo hapo ulipokanyaga, katoa povu kama beseni la sabuni, mzee wa watu kamtia mkono mdomoni ati asimeze ulimi, kang'atwa mpaka mfupa! Wanaume wakashuka na fimbo. Unajua alifanya nini yule mzee? Kamlalia mbwa juu. Kamlalia! Damu inamtoka, anasema nipigeni mimi. Tumempa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo amwondoe, basi."

"Si kichaa, Hajjat. Ni kifafa."

"Kifafa?" Hajjat Tafida alimkodolea macho. "Na mlikuwa mnajua?"

Wahiba alipanda ngazi.

Ustadhi Wadii alifungua mlango mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alimtambua mara moja, na uso wake haukukasirika. Ulifungika tu.

"Nilikuuliza wewe," alisema. "Sikumuuliza yeye."

"Ustadhi, niliambiwa unajua yote. Nilidhani unaniuliza ili moyo utulie."

"Mtu aliyeambiwa yote anauliza nini tena?"

Wahiba aliiangalia bandeji ya mzee. Swali hilo lilikuwepo pale Jumamosi, mbele ya macho yake, na hakuliona kwa sababu hakutaka kuliona. Alitaka mbwa apate nyumba yake.

"Nimechomwa sindano mbili za kichaa cha mbwa hospitali, bado nyingine," mzee aliendelea. "Kadi ya chanjo ninayo. Daktari akaniuliza, waliokupa kadi hii ni watu wa kweli? Nikashindwa kumjibu. Wamesema mbwa afungiwe siku kumi, atazamwe. Yuko juu darini, kwenye paa."

Walipanda pamoja. Darini kulikuwa na kibanda kilichowahi kuwa cha njiwa, na ndani yake, juu ya blanketi jipya kabisa, Simsim alilala ubavu, mdomo umevimba alipojigonga. Alikuwa ameanguka mara tatu kwa siku mbili. Aliposikia hatua, mkia ulipiga sakafu, mara moja, kisha mara nyingi. Alijikokota mpaka miguuni pa Wahiba akajaribu kukaa kitako. Miguu ya nyuma ikakataa, akajaribu tena.

Wahiba alifinyanga jibini aliyoinunua njiani. Alimweleza mzee huku akimlisha: akianguka usimtie kitu mdomoni, sogeza viti, punguza mwanga, mwite jina lake kwa sauti ndogo, ngoja. Mzee alisikiliza kila neno. Alipomaliza, Wahiba alimnyooshea mfuko.

"Sipokei," alisema Ustadhi Wadii. "Sijui kilichomo. Ulichosema mara ya kwanza nilikichukua bila kuangalia. Utakuja mwenyewe, kila siku, umpe mbele ya macho yangu. Siku kumi zikitimia tutajua huyu ni mbwa wa nani."

Akaja kila siku. Asubuhi alifagia mabanda Shabramant, kwa kuwa mbwa mia na themanini hawakumkosea lolote. Shahira alimwachia kikombe cha chai juu ya ukuta mdogo kama alivyozoea, na kila siku chai ile ilipoa, nzi wakaizunguka, Wahiba akaimwaga.

"Umenisusa?" Shahira alimuuliza siku ya tatu.

"Nina mabanda ya kufagia, Madam."

Hakuwa amemwita hivyo miaka saba.

Jumanne walikuja mume na mke kutafuta mbwa. Walimpenda yule mweupe mwenye macho ya bluu, mke akawa ameshapiga magoti. Wahiba alisimamisha fagio.

"Huyo ana figo mbovu," alisema. "Anakunywa maji mengi na kukojoa ndani. Chakula chake ni cha peke yake. Anaweza kuishi miaka miwili, anaweza kuishi sita."

Mke alisimama taratibu, akapangusa magoti. Walisema watafikiri. Gari lao lilipopotea, Shahira alikuwa bado ameegemea geti.

"Umefurahi?" alisema.

"La," Wahiba alijibu, akaendelea kufagia.

Huko Helwan, Simsim aliacha kuanguka siku ya pili ya dawa. Siku ya nne alikaa kitako vizuri. Siku ya sita Wahiba alipofika darini alikuta kibanda kitupu. Mzee alikuwa amemshusha sebuleni, watu wasione. Hajjat Tafida aliona. Alikuwa ameacha mfupa wa ng'ombe kwenye sahani chini ya ngazi, na Wahiba alipomtazama, alisema, "Nini? Ulikuwa unatupwa." Ustadhi Wadii hakumkaribisha Wahiba kiti hata siku moja. Alisimama karibu yake, mkono wa bandeji umekunjwa kifuani, akamtazama vidole mpaka kidonge kimemezwa.

Ijumaa ya mwisho Wahiba alibisha mlango akiwa amevaa mtandio mzuri. Wanaume wa jengo walikuwa wamepita asubuhi, wakamkuta mbwa anachezea soksi, wakaondoka na fimbo zao. Mlango ulifunguka kiasi cha upana wa kiganja. Mnyororo ulikuwa umefungwa.

"Nipe," alisema mzee, akatoa mkono wa kushoto.

Wahiba alimwekea kidonge cha siku ile, na gazeti lake.

"Na vingine."

Alimpa mfuko wote wa zambarau. Mzee aliufungua pale pale, akavihesabu kwa macho, akaufunga.

"Vikiisha nitajua pa kwenda. Nimepata daktari wa mifugo nyuma ya kanisa." Alikohoa. "Usije tena, Mama. Wewe si mtu mbaya, naona. Lakini kila ukibisha, moyo wangu unashtuka."

"Naweza kumwona tu?"

Ustadhi Wadii alifikiri. Alionekana kweli akifikiri. Kisha mlango ukafungwa, polepole, bila kishindo.

Wahiba alibaki kwenye ngazi. Ndani alisikia kopo likifunguliwa, kijiko kikigonga sahani, kisha sauti ya mzee, nyepesi, ambayo yeye hakuwahi kuisikia tangu ile siku ya kwanza.

"Haya, Pasha. Kaa. Ahaa! Umeshakaa, mkubwa."

Pasha, si Simsim tena. Alishuka ngazi moja. Kucha zikagonga vigae, zikaja upande wa mlango, zikasimama. Kwenye mwanya wa chini kivuli cha pua kilipita kushoto, kikarudi kulia, na pumzi ikapuliza vumbi la kizingiti mpaka kwenye ncha za viatu vyake. Wahiba alikusanya pindo la gauni lake mkononi na kusimama kimya kabisa, mdomo ameufumba asije akamwita, akingoja zile kucha zigeuke.