Dakota Isiyohema

Sabiha Swalihu, mwalimu wa fizikia, aliirusha Dakota ya Fahadi mara moja tu. Kisha alizima kompyuta, akaenda kunawa mikono.

Kwa macho ndege haikuwa na kasoro. Dakota ni ndege ya injini mbili ya zama za vita vikuu, na Fahadi, kijana wa Chang'ombe anayeunda ndege za simuleta, zile zinazorushwa kwenye kompyuta, aliichora hadi rangi iliyobabuka ubavuni. Kuchora alijua. Kuruka ndiko kulikomshinda. Jua la saa nane mchana, joto la nyuzi thelathini na tatu, mzigo umejaa hadi mlangoni, na bado ndege yake iliacha ardhi ya Dodoma kabla ya nusu ya njia ya kurukia, ikapanda futi elfu mbili kwa dakika. Huku juu kwetu hewa ni nyepesi, na injini kuukuu lazima ihangaike. Dakota ya Fahadi haikuhema hata kidogo.

"Dada Sabiha, watu wanataka kufurahi," Fahadi alimwambia kwenye kikao cha chama chao cha wapenzi wa simuleta. "Nani ana muda wa kusubiri ndege ipande polepole?"

"Anayetaka kurusha Dakota."

"Wameshaipakua watu elfu tatu."

"Basi umeshadanganya watu elfu tatu."

Chama kilikuwa kinaandaa maonyesho katika ukumbi wa chuo kimoja mjini, na ndege moja tu ndiyo ingebaki kwenye kompyuta ambayo wageni wangeijaribu. Sabiha akasema ataleta ya kwake. Wakampa wiki tatu.

Alifanya kazi kama anayesahihisha mitihani ya darasa zima la wazembe. Alitafuta kitabu cha marubani cha ndege hiyo, akaingiza nguvu za injini, uzito, na namna mabawa yanavyobeba na hewa inavyoyazuia. Kila alipobadilisha namba moja alirusha tena, saa mkononi, akiandika kasi na kimo daftarini. Wiki ya pili ilipokwisha, ndege yake ilipanda futi mia saba kwa dakika, sawasawa na kitabu.

Ndipo akaenda Mkonze kwa Mzee Gabrieli, rubani mstaafu aliyebeba mizigo kwa Dakota miaka kumi na mmoja. Ukweli ni kwamba alikwenda kusifiwa, na kumcheka Fahadi.

Mzee alitazama kompyuta barazani hadi ndege ilipofika juu ya Hombolo.

"Hii imetoka kiwandani leo asubuhi?"

"Nimefuata kitabu, mzee."

"Kitabu kiliandikiwa ndege mpya. Yetu ilikuwa na viraka tumboni, na injini ya kulia ilikunywa oili kuliko petroli. Kutoka mjini hadi Hombolo ni dakika kumi na mbili, na tukifika hapo tulikuwa hatujafikisha futi elfu nne kutoka ardhini. Wewe uko elfu nane." Akamsogezea kompyuta. "Huyo kijana unayemcheka amedanganya kwa uvivu. Wewe umedanganya kwa bidii."

Njia nzima ya kurudi Sabiha alimtukana mzee kimoyomoyo. Macho yenyewe haoni vizuri, anakumbuka nini? Lakini alipofika nyumbani alifungua daftari, akapunguza nguvu za injini ya kulia, akaongeza ukinzani wa hewa tumboni, akarusha. Elfu sita. Akapunguza tena. Siku ya nne alifika juu ya Hombolo kwa dakika kumi na mbili, futi elfu tatu na mia saba. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimkasirisha kuliko Fahadi mwenyewe.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Fahadi alitangulia. Mwanachuo mmoja aliipaisha Dakota yake, akaipindua kichwa chini miguu juu, akairudisha. Watu wazima wenye tai wakapiga makofi. Sabiha alitazama dirishani.

Kisha Mzee Gabrieli, aliyekuja kwa mwaliko wa Sabiha, akakalia kiti kurusha ya Sabiha. Aliuliza joto, akaambiwa thelathini na tano. Aliuliza upepo, akaambiwa unatoka nyuma. Akasukuma mikono ya kuongeza nguvu za injini. Ndege ikakimbia, ikakimbia. Mshale wa kasi ukapanda kwa shida. Njia ilipobaki theluthi moja mzee alipunguza nguvu, akakanyaga breki, ndege ikasimama vumbi likipita mbele yake.

"Imeharibika!" Fahadi alicheka, na ukumbi ukacheka naye.

"Haijaharibika," mzee alisema. "Siku kama hii, kwa mzigo huu, siendi. Shusheni magunia sita."

Akafuta viganja vyake kwenye suruali. Vilikuwa vimelowa jasho. Sabiha aliona, na hakuhitaji sifa nyingine.

Mwenyekiti wa chama, Bwana Lameck, alitangaza kwamba itabaki ya Fahadi. Wageni, alisema, hawaji kuona ndege ikisimama. Sabiha hakubishana. Kubishana na watu wanaopanga foleni kupindua Dakota kungekuwa kuwapa heshima wasiyostahili. Alimsaidia mzee kushuka ngazi, na usiku uleule akaiweka ndege yake mtandaoni, bure.

Jumatatu Fahadi alipiga simu wakati wa mapumziko ya saa nne.

"Dada, nimeweka namba zako kwenye ndege yangu."

"Nimeziweka wazi. Zitumie."

"Lakini sasa haipandi. Ni nzito mno."

"Ndiyo," Sabiha alisema. "Ni nzito." Akakata simu, akachukua chaki, akaingia darasani.