Mkono wa Witness na Sinia la Korosho

Tangu asubuhi ule mkono ulikuwa unachota hewa.

Mjukuu wangu Witness alikuja nao Miteja kutoka chuoni Lindi, kauviringisha kwenye khanga. Chuoni hakuna utulivu, alisema. Ni roboti ya vyuma vyembamba, mota tano, na vidole viwili vilivyovishwa mpira mwekundu. Kazi yake ni kuokota korosho moja moja kwenye sinia na kuiweka kwenye kisu cha kubangulia. Kesho saa nne walimu wanataka iokote kumi mfululizo. Akishindwa, anarudia mwaka.

Hesabu za kuukunja hakupiga yeye. Aliiandikia akili mnemba kwenye kompyuta, kwa Kiswahili hiki hiki, sinia liko wapi na kisu kiko wapi, nayo ikamjibu kila kiungo kipinde nyuzi ngapi.

Mara ya kwanza mkono ulishuka juu ya korosho barabara, ila mpira ulilegea, ikaponyoka, nyingine zikamwagika. Witness akakaza mpira. Mimi nikaziokota, nikafuta vumbi, nikaweka sinia vizuri. Mara ya pili ukagonga ukingo wa sinia. Akaandika tena. "Samahani, nimekosea," ikajibu, ikampa nyuzi nyingine. Ukakosa tena.

"Mke mwenzangu, huyo fundi wako mbona kila saa anaomba radhi?" nikamtania.

"Niache, Bibi! Muongo huyu. Nikimwambia kakosa, anakubali tu."

Ugali ukapoa. Mara ya kumi na nne vidole vikapasua korosho, mafuta ya ganda yakamwunguza mkononi. Akalia, wala si kwa kuungua.

Nikainuka kusafisha, na hapo nikajiona: nalivuta sinia katikati ya meza. Kutwa nilikuwa nalivuta, kidogo kidogo. Kwetu chakula hakikai ukingoni. Na ile akili haina macho. Inaamini ilivyoandikiwa asubuhi, kwamba sinia liko ukingoni.

Nikamwambia. Akanitazama mpaka nikainamisha uso.

"Kutwa nzima, Bibi?"

"Nilikuwa nasafisha, mama."

"Si ungeacha pachafu!"

Akarudi juu kwenye maandishi hadi jibu la kwanza kabisa. Akalisogeza sinia ukingoni, akalizungushia alama ya mkaa. Mkono ukashuka, ukafumba, ukanyanyua. Moja. Mbili. Tatu. Ya sita ikateleza. Akaanza upya.

Nzi akatua kwenye sinia. Nikaikalia mikono yangu.